Mama Meno na Mlango Uliozikwa Mchangani

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana popote mlipo. Leo nawaomba mnivumilie, maana nimekaa mbele ya kipaza sauti hiki nikiwa nimejaa huzuni. Tunamkumbuka mama mmoja aliyetutoka Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Meno. Alikuwa fundi wa meno ya bandia kwa miaka thelathini na nne. Na haya mawili ya mbele yanayosema nanyi sasa hivi ni kazi ya mikono yake, kwa hiyo mkinisikia vizuri, mshukuruni yeye.

Lakini hatukuja kuzungumzia meno. Tumekuja kuzungumzia meli.

Mama Meno alikuwa na kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka mitano. Kaka huyo alikuwa mwokaji mikate kwenye meli ya kivita. Si mpiga mizinga, wala si nahodha. Alikuwa anakanda unga. Meli ile ilipigwa vitani ikazama, miaka hamsini na miwili iliyopita. Waliookoka walikuwa wachache, na mwokaji hakuwamo. Nyumbani ililetwa karatasi yenye maneno mawili: amepotea baharini. Basi. Mama yao mzazi aliisoma karatasi ile, akaikunja, akauliza swali moja ambalo aliliuliza mpaka uzeeni: "Aliweza kutoka mle jikoni, au alifungiwa?"

Swali hilo, wasikilizaji wapendwa, ndilo lililomtesa Mama Meno maisha yake yote. Aliweza kutoka, au alifungiwa?

Miaka kumi na mmoja iliyopita mabaki ya meli yakapatikana. Mzamiaji mmoja aliteremka mara tisa. Kule chini maji ni machafu kama ya kuoshea vyombo, huoni zaidi ya hatua mbili, kwa hiyo picha zake zilikuwa za vipande vipande: bomba hapa, ngazi pale, mzinga umeota magamba. Hakuna picha hata moja ya meli nzima. Mama Meno akampigia simu, akambembeleza, akatumiwa bahasha ya picha pamoja na nakala ya daftari lake. Na ndani ya daftari kulikuwa na mstari huu: meli imelalia ubavu wa kushoto, mlango wa jikoni, kulia, uko wazi.

Mlango wa kulia! Manusura mmoja alikuwa amekwisha kuwachorea ramani. Jiko la mikate lilikuwa upande wa kulia wa meli. Upande wa kushoto lilikuwa jiko la maofisa. Kwa hiyo mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa kaka yake. Mama Meno alikwenda kwa mama yake mbio mbio, viatu mkononi. Akamwambia, "Mama, mlango ulikuwa wazi. Alitoka." Bibi yule aliomba chai, akanywa vikombe viwili.

Ndipo Mama Meno akaamua kuitengeneza meli ile. Si ile iliyokuwa ikipeperusha bendera, hapana. Ile iliyolala chini, imevunjika, imezama nusu mchangani. Kipimo chake: kila mita moja ya meli, sentimita moja mezani. Meli ilikuwa na urefu wa mita tisini. Hesabuni wenyewe ukubwa wa meza. Ilikuwa meza ya kulia chakula, na tangu siku hiyo familia ilikula sahani zikiwa mapajani.

"Wageni walikuwa wananiuliza kama tumehamia jana," anasema mume wake, fundi bomba mstaafu. "Nikawa nawajibu, ndiyo, tumehamia baharini."

Alitumia alichokijua. Sakafu ya bahari aliifinyanga kwa plasta ya kuchukulia umbo la taya. Bati la meli alilichonga kwa nta, kisha akalimimina kwa plastiki ileile ya ufizi wa meno ya bandia, ndiyo maana mwanzoni meli nzima ilikuwa ya rangi ya waridi kama mdomo wa mtoto. Alipaka rangi ya kutu tabaka baada ya tabaka. Na tatizo lake kubwa lilikuwa usafi! Mkono wake ulizoea kung'arisha. Alikuwa akitoboa tundu la kombora, halafu bila kujijua analilainisha kingo. "Meli imepigwa bomu," mume wake akamtania, "lakini inaweza kwenda harusini." Alikasirika, akavunja ubavu mzima, akaanza tena.

Miaka sita. Nasema miaka sita, wasikilizaji wapendwa. Ule mlango wa jikoni peke yake, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, aliutengeneza mara kumi na saba. Aliuwekea bawaba. Akauacha wazi. Katika mwaka wa tano mama yake alifariki akiwa na miaka tisini. Alifariki akiamini kwamba mwanawe alitoka.

Mwaka wa sita mzamiaji akapita mjini, akaalikwa kuja kuiona. Aliingia sebuleni, akatazama, akaguna. Akazunguka meza. Akaguna tena.

"Mama, ni kazi nzuri sana. Ila mbona imelalia ubavu mwingine?"

"Mwingine upi? Umeandika mwenyewe, kushoto!"

"Kushoto kwangu. Niliingilia mbele ya meli, naogelea kwenda nyuma. Kulia ni mkono wangu wa kulia."

Mama Meno akasimama. "Mwanangu, kulia ni kulia kwa mwenye mdomo! Miaka thelathini na nne nimeandika hivyo. Mgonjwa amekaa mbele yako, jino lake la kulia ni la kulia kwake, si kwako!"

"Mama, meli haina mdomo."

Hakuna aliyecheka. Mnaona mambo yalivyokuwa? Fundi wa meno hawezi kusoma kulia kwa namna nyingine. Mzamiaji aliye gizani, anayepapasa, anachokijua ni mikono yake miwili tu. Kila mmoja alikuwa sahihi kazini kwake, na kati yao meli ikageuka. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa maofisa. Mlango wa mwokaji ulikuwa chini, upande ulioulalia mchanga, na hakuna jicho lililowahi kuuona.

"Basi rudi ukafukue," akamwambia.

"Hairuhusiwi. Mle ni kaburi la watu. Na hata ingeruhusiwa, bati limeoza, litaniangukia."

Mama Meno alikaa kitini akashika tama. Binti yake, mwalimu wa hisabati, alikuwepo. Anakumbuka maneno ya mama yake: "Nimemdanganya mama yangu. Amekwenda na uongo wangu."

Walimsihi. Mume wake alimwambia, "Iache, mke wangu. Nani atajua?" Akajaribu mzaha: "Au igeuze tu kama godoro." Hakutaka kusikia. Alichukua msumeno wa plasta, akaikata meli ya miaka sita vipande vipande, akaanza upya. Binti yake alimfokea, na kwa miezi miwili hawakusemeshana. Na mimi ningemfokea! Mwanamke wa miaka sitini na sita, macho yamechoka, vidole vimeanza kuvimba, anaanza upya ili atengeneze meli isiyomjibu swali lake. Ningemfokea, jamani.

Ilimchukua miaka mitano. Safari hii meli ililalia ubavu wake wa kweli. Kingo za matundu zilikuwa na meno meno, hakulainisha hata moja. Aliimaliza mwezi uliopita.

Baada ya mazishi binti yake alibaki peke yake na ile meza. Alijua meli haikugundishwa, inanyanyuka. Naye alikuwa ameuficha kwenye pochi ule mlango mdogo wa meli ya kwanza, wenye bawaba, aliouokota siku ya msumeno. Nimemwomba atueleze alichokikuta, akakubali.

"Niliinyanyua meli nikaangalia ubavu wa chini," anasema. "Nilikuwa na hakika mama ameutengeneza mlango kule chini, pasipoonekana, na ameuacha wazi. Ni nani asingefanya hivyo? Nikakuta plastiki tupu. Hata alama ya penseli hakuna. Nilimkasirikia mama yangu aliyekufa, nikamwambia kwa sauti, wewe mwanamke, ungejipa hata hicho kidogo! Nikachukua gundi. Nikaupaka ule mlango, nikaupeleka pale. Nilisimama hivyo mpaka gundi ikakauka kidoleni. Halafu nikairudisha meli chini, kama alivyoiacha, bila mlango."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mume wake, kwa binti yake, kwa wajukuu na kwa wote wenye meno yake kinywani, kituo hiki kinatoa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu ampumzishe, maana yeye mwenyewe hakujipumzisha.

Na nyinyi mnaosikiliza, jiulizeni mmewaambia nini wazee wenu ili wapate usingizi, na kama mna hakika nacho. Familia ina ombi moja. Kama yupo mahali popote mtu aliyekuwa ndani ya meli ile, au baba yake alikuwemo na akasimulia habari za jiko la mikate siku ile, atuandikie hapa kituoni. Nilimuuliza binti, je, ukiletewa habari kwamba mlango ulikuwa umefungwa? Akasema: "Basi nitautengeneza umefungwa."