Meza Imemeza

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi viatu wanayemwita Soli, na hakuna jambo lililowahi kupita hapo likaondoka bila kuchambuliwa. Asubuhi hiyo jambo lilikuwa mbele yao, chini ya kivuli cha turubai: meza ya puli, ule mchezo wa kutumbukiza mipira mashimoni kwa fimbo, kuukuu, ya kutia sarafu. Soli aliipata kwa kubadilishana na cherehani ya marehemu mkewe. Alijipa moyo kwamba meza ingemwingizia chochote, halafu angenunua cherehani nyingine kabla binti yake hajamaliza kujifunza ushonaji. Sasa binti kamaliza. Yuko njiani, anakuja kuichukua cherehani ya mama yake.

Na meza yenyewe imegoma. Ukitia sarafu mipira inashuka vizuri, mnacheza. Ila mpira mweupe ukitumbukia shimoni ndiyo basi, haurudi. Unakaa humo ndani na wenzake mpaka atokee mjinga wa kutia sarafu nyingine. Wachezaji walivumilia siku mbili tatu, wakahamia kwingine.

— Meza haina kosa, akasema Pimamaji, ambaye ni mwashi. Ardhi ya hapa ndiyo imelala upande.

— Ingekuwa imelala, wateja wangu wangetoka na nywele za upande, akasema Wembe, kinyozi.

— Kwani hawatoki nazo?

Wembe akalimeza hilo pamoja na kahawa, kisha akatoa lake. Kwa maoni yake, meza ilizoea ukumbi wenye muziki na taa. Kuletwa hapa penye vumbi na harufu ya gundi, imenuna. Pimamaji akaona huo ni upuuzi, akaanza kueleza jinsi dunia inavyozunguka na kuvuta vitu vyeupe kwa nguvu zaidi. Hata muuza kahawa aliweka birika chini.

— Mipira mingine yote ina namba, akasema. Huo mweupe hauna. Kitu kisicho na namba kitajuaje pa kurudi?

Wakatikisa vichwa; hilo lilikuwa na uzito.

Soli alikuwa akishona kiatu cha mtu mapajani. Jibu alikuwa nalo. Mchezaji mmoja alimwambia siku ile ile ya kwanza: kwenye meza kama hii mpira mweupe huwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, ndiyo maana unapata njia yake ya kurudi. Huu wake ni wa meza nyingine. Soli aliwaeleza wenzake, wakakataa. Jibu lilikuwa dogo mno kwa asubuhi nzima. Na mpira wenyewe kautafuta duka kwa duka, meza za umri huo hazina tena vifaa.

Kilichomuuma ni kwamba hakwenda peke yake kuikagua meza kabla ya kuichukua. Walikwenda wote. Pimamaji aliweka pimamaji lake kona zote nne. Wembe alipapasa kitambaa kama anayepapasa kichwa alichokinyoa, asione mchaniko. Muuza kahawa alitikisa miguu ya meza, akasema hii itatuzika sote. Lakini hakuna aliyetia sarafu acheze mchezo mmoja tu. Kila mtu alimsubiri mwenzake.

— Si ukairudishe? akauliza Wembe, kwa sauti ya chini sasa.

— Nilikwenda jana. Jamaa kahama. Kwa simu kasema cherehani kaiuza, hata hakumbuki kwa nani.

Hapo hapakuwa na nadharia. Soli alilikumbuka gurudumu la ile cherehani, pale rangi ilipofutika kwa kiganja cha mkewe, akajuta, akaichomeka sindano kwenye kiatu asishone tena.

Binti yake alitokea wakati huo huo, kabeba furushi la vitambaa begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia wote kwa pamoja.

Akaiona meza. Akaizunguka, akapitisha mkono juu yake, uso ukamchanua.

— Baba! Nani alikwambia kwamba chuoni tunakatia kwenye meza kubwa kama hii? Hata sijakuomba.

Akafungua furushi hapo hapo, akatandaza kitambaa cha maua juu ya kile cha kijani, kikaenea bila kuning'inia popote. Akatoa chaki.

— Na cherehani umeipangia wapi, baba? Huku au kule?

Pimamaji akatazama vidole vyake. Wembe akanyoosha kikombe. Muuza kahawa akainamisha birika, pakatoka tone moja.

— Mwanangu, akasema Soli, meza imeimeza.

Binti akacheka, akidhani ni utani wa kijiweni. Kisha akaona kwamba amecheka peke yake.