Historia ya Fundi Faiba na Boti Isiyokuwa na Kiti

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na wateja wake mliofika, familia imenipa mimi, dada yake mkubwa, kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, na kwa kuwa nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, nitayasoma yalivyo, anayetaka yaliyopakwa rangi aliyasikia kwake mwenyewe alipokuwa hai.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Faiba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha barafu, kitindamimba wa mama muuza mkaa na baba mlinzi wa ghala, mtoto mzuri wa sura, mwepesi wa kucheka, mzito wa kugawa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kuimaliza mwaka 1974, akaingia chuo cha ufundi kusomea useremala, akatimuliwa mwaka wa pili kwa kusinzia darasani kila alipotoka kuvua, ingawa yeye hadi uzee wake alishikilia kwamba aliacha mwenyewe, eti walimu walimwonea kijicho.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika karakana ya boti mwisho wa barabara ya gati, akajifunza kulaza faiba, vile vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyogandishwa kwa gundi, na kupiga msasa, mkono wake ukaipokea kazi hiyo, na hapa tumpe haki yake, alikuwa fundi hasa. Mwaka 1993 alifungua karakana yake, akajulikana kwa aina moja tu, boti yenye usukani katikati, isiyo na chumba, na kila mteja aliimbiwa wimbo uleule, kwamba boti ya chumba ni nyumba iliyopotea njia, ilhali hii unaizunguka yote kwa miguu ukiwa na mshipi mkononi, samaki akikimbilia kushoto upo, akikimbilia kulia upo, ukirudi unaiosha kwa ndoo mbili za maji, na kesho yake unapakia watoto unawapeleka kuogelea, mama yao amekaa mbele ya usukani juu ya mto laini kama malkia. Wateja walilainika, na aliyelainika kuliko wote alikuwa mkewe, maana ile mito laini alikuwa akiishona yeye.

Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985, wifi yangu akiwa mshonaji wa makochi mwenye cherehani yake barazani, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1988 na sasa ni mwalimu, ambaye baba yake hakuwahi kujua yuko darasa la ngapi, iwe kusoma au kufundisha.

Mwaka 2004 marehemu alimaliza boti yake mwenyewe, na wifi yangu, aliyekuwa ameshonea viti vya wake za watu kwa miaka kumi na moja, aliomba kitu kimoja tu, kiti mbele ya usukani. Siku ya kuishusha majini alifika na mto wa bluu aliouandaa wiki nzima, akakuta mahali pa kiti pamewekwa tangi la chambo hai, akauliza, akajibiwa mbele za watu kwamba chambo kinaleta samaki, yeye analeta nini, na waliocheka siku ile wengine wamekaa hapa mstari wa mbele, poleni na msiba. Aliendelea kuomba kila mwaka na kila mwaka aliambiwa mwakani. Alipanda boti hiyo mara moja tu, kasimama safari nzima ameshika bomba la chuma, akifukuzwa ubavu huu na ubavu ule kila samaki alipogeuka.

Boti hizi zina kamba fupi nyekundu anayofungwa mwenye usukani, akianguka kamba inachomoka na mashine inazimika. Marehemu aliwafunga wateja wake wote kwa mkono wake mwenyewe, huku akiwagombeza, lakini yeye hakujifunga hata siku moja, kwa kuwa kamba ingemzuia kuizunguka boti, na kuizunguka ndiko kulikokuwa utamu wake. Tarehe 3 Februari mwaka huu alinasa samaki mkubwa, akamkimbilia kutoka nyuma hadi mbele huku mashine inanguruma, akateleza, akatumbukia, na boti ile isiyo na mtu ikapinda, ikafanya duara, ikamrudia, propela ikamchana mguu.

Wavuvi walimwokoa, hospitali ikamkata mguu, kidonda kikaoza hata hivyo, na muda wote huo wifi yangu alikaa juu ya stuli kando ya kitanda, akimwosha, akimlisha, akingoja neno moja, hata ahsante ingemtosha. Asubuhi ya tarehe 21 Machi marehemu alifumbua macho, akamshika mkewe mkono, mimi na nesi tukarudi nyuma kuwapisha, naye akauliza kama mashine imesuuzwa kwa maji ya bomba, maana chumvi itaila. Wifi yangu angeweza kusema ndiyo, ila alimjibu taratibu, akiwa bado ameushika ule mkono, kwamba haijasuuzwa, iko na chumvi yake tangu siku ile, na hakuna atakayeisuuza. Marehemu aligeukia ukutani, akafariki saa nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wavuvi waliomtoa majini, majirani waliopika na kufua, pamoja na mafundi wenzake, hususan wale waliokuja wodini kuulizia boti itauzwa lini.

Faiba mdogo wangu, pumzika sasa, na amani iwe nawe. Kwa kawaida hapa huongezwa kwamba tutaonana tena, lakini mjane ameomba sehemu hiyo isisomwe.