Mlio wa Vikombe vya Leonsi

Tangu kiharusi kimpige mzee Leonsi, muuza kahawa wetu, benchi letu la karibu na stendi ya Sumbawanga linanywa kahawa ya kimya. Zamani alikuwa anagonganisha vikombe viwili kwa mkono wa kulia, ukamsikia kabla hujamwona kwenye ukungu. Mkono ukalegea, mkewe Coleta akashika birika. Sasa ulezi umekomaa, Coleta anahitajika shambani, na ametuambia: Leonsi asipoweza kumimina mwenyewe leo, birika linakwenda kwa shemeji yake aitwaye Mollo, auze yeye. Basi tumekaa, makoti hadi shingoni, tunamtazama mzee na jiko lake. Pembeni yake yupo Tusajigwe, binti wa tiba kazi kutoka hospitali, anayezoesha viungo vya wagonjwa kufanya kazi tena.

— Huyu binti simwelewi, alinong'ona Ignasi, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Sindano hana, kidonge hana. Anamwaga ulezi mezani, mzee auokote arudishe kikombeni!

— Ulezi una madini, alisema Herman, Waziri wetu asiye na wizara. Yanapandia vidoleni. Ndiyo maana sisi Wafipa hatuchoki.

— Wewe umechoka tangu nikujue.

— Na ule mkono mzima? aliendelea Waziri. Si binti aliufunga kitambaa? Ule mgonjwa ukaona umeachiwa nyumba, ukaamka!

— Kumbe mkono una akili zake?

— Kuna watu mkono ndio wenye akili, kichwa ni mpangaji tu. Profesa, sema na wewe.

Profesa ni mimi. Nilisoma chuo, hawajanisamehe.

— Mkono hauna ugonjwa, nikasema. Ubongo ndio umepoteza njia ya kuufikia. Ukirudia kazi uliyoizoea, unatafuta njia nyingine.

Waziri alifikiri.

— Yaani mvua ikikata barabara ya Muze, Muze bado ipo.

Niliudhika kidogo. Alikuwa amesema vizuri kuliko mimi.

Leonsi akanyoosha mkono. Birika likapanda, likatetemeka. Redio akaruka.

— Lete nikumiminie, mzee wangu!

— Shikamoo baba, alisema Tusajigwe, lakini naomba ukae.

Akakaa. Sote tulijua anatuambia sisi pia. Tangu mzee augue tumemshikia kikombe, tumemfungia vifungo, tumemjibia hata salamu. Hayo tuliyaita heshima.

Kahawa ikamwagikia majivuni. Tusajigwe alikuwa ameweka kiganja chini ya kiwiko cha mzee, hakimgusi. Mdomo wa birika ukatafuta kikombe, ukakikosa, ukakipata. Kikajaa. Coleta, aliyekuwa amesimama nyuma ya jiko, alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

— Basi! Redio akashangilia. Si ndicho alichotaka mzee?

— Hapana, alisema Tusajigwe. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka mkono umfanyie nini. Hakusema kumimina.

— Alisema nini?

Leonsi alichukua vikombe viwili vitupu, akavibana baina ya vidole vile vile vilivyookota ulezi punje kwa punje. Kimoja kikateleza. Akakirudisha, taratibu.

Ngli.

Halafu: ngli, ngli-ngli.

Abiria mmoja aliyeshuka basi la Namanyere akasogea na begi lake.

— Jamani, mbona mmesimama wote? Kuna nini hapa?

Redio akafungua mdomo. Halafu akaufunga, akamwonyesha vikombe kwa kidole.