Umekula Nini?

Kina mama, kina baba, poleni na jua, poleni na matope. Mwenyekiti wetu amenipa nafasi niseme kidogo kabla hatujapakia sufuria kwenye guta kwenda kule shuleni walikohifadhiwa wenzetu waliokimbia maji. Mnanijua, nikianza kueleza kitu nakieleza mpaka mwisho, kwa hiyo anayeogopa wali utapoa aufunike vizuri.

Juzi sufuria moja ilirudi ikiwa nusu. Tulipouliza, vijana wetu walijibu, "Wamesema wameshiba." Na mmoja wetu hapa akasema, basi leo tupunguze mchele. Ndipo niliponyoosha mkono. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilishawahi kushiba namna hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilijifungua mtoto wa kike. Wa kwanza kuona kuwa ana shida alikuwa mama mkwe. Aliniambia, "Mwanangu, huyu mtoto akinyonya anatoka jasho kama mtu anayelima." Ilikuwa kweli. Alinyonya kidogo, akapumzika, akahema, akaanza tena. Hapa Ifakara walimpima wakasema moyo wake una tundu, wakatuandikia kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam.

Mume wangu hakuweza kunisindikiza. Alibaki kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunacholala shambani, upande wa Chita, alinde mpunga uliokuwa unakaribia kuiva. Tulipanga avune, auze, anifuate. Mto ukamtangulia. Alinipigia simu kutoka kwa jirani akasema, "Mama Neema, shamba lote sasa ni ziwa." Baada ya hapo sikumpata tena kwa muda mrefu.

Daktari wa Dar alikuwa mpole. Alinieleza kwamba tundu linazibika, lakini mtoto alikuwa mwepesi mno, asingehimili kisu. Akasema nimnyonyeshe vizuri, niwe namleta kila Jumatatu apimwe, uzito ukifika watampasua. Nilipouliza usipofika je, aliniandikia tarehe ya Jumatatu kwenye kadi.

Nawafafanulia hapo, maana ndipo penye jambo lenyewe. Mtoto mwenye moyo kama ule anachoka haraka, anapata maziwa machache. Kwa hiyo hayo machache lazima yawepo. Na maziwa hayatoki hewani, yanatoka kwenye chakula cha mama. Maisha ya mwanangu yalikuwa yanapita tumboni mwangu. Ningeeleza hivi leo kwa mtu yeyote, lakini wakati ule sikuliona.

Tuliotoka mikoani bila ndugu tulikuwa tunalala kwenye banda la wazi la wasindikizaji, nyuma ya hospitali. Mkeka wangu ulikuwa jirani na wa mama mmoja wa kutoka mbali, upande wa kusini. Naye alikuwa na mtoto mgonjwa wa moyo, wa kiume. Tulisaidiana kufua, tulilindiana vitu. Mwanzoni nilinunua uji kwa mama lishe wa getini. Baadaye nikawa nanunua nusu kikombe. Mwishowe nikawa nazunguka nipite mlango mwingine, ili nisikutane na harufu ya vitumbua.

Kila Jumamosi walikuja wanafunzi wa chuo, wavulana kwa wasichana, wenye fulana za rangi moja. Walichangishana wenyewe, wakapika wenyewe, wakaja na sufuria za wali na maharage kuwalisha watu kama sisi. Watoto wa watu kabisa, wangeweza kuwa wamelala hosteli. Kijana mmoja mrefu ndiye aliyekuwa akitangulia na mwiko.

"Shikamoo mama. Karibu msosi."

"Marahaba mwanangu. Asante, nimekula."

"Haya mama, Mungu akubariki." Akapita.

Sasa ninyi mnaelewa nilichokuwa nafanya, ila yule kijana hakuelewa. Huku kwetu ukiwakuta watu wanakula, wakakwambia karibu, unasema asante, nimekula. Wanasema, hata kidogo tu. Unasema, nimeshiba kabisa. Mara ya tatu wanakuletea maji ya kunawa, unakaa, unakula mpaka sahani inang'aa. Naona mama mmoja kule nyuma anacheka. Cheka tu, dada yangu, wiki iliyopita ulikuwa umeshiba kwangu na bado ukamaliza viazi.

Kwetu "nimekula" ni salamu. Tumefundishwa tangu tukiwa wadogo kwamba mtoto anayekubali chakula mara ya kwanza anawaaibisha wazazi wake. Kwa hiyo nilisema nimekula, nikangoja aniulize tena. Kijana alikuwa na watu wengi wa kuwahudumia, akaamini neno la mtu mzima. Hakukosea. Nilikaa natazama mwiko wake ukienda mkeka wa pili.

Na mkeka wa pili nikasikia jirani yangu anasema, "Asante mwanangu, tumeshakula." Tumeshakula! Akaniingiza na mimi. Angewezaje kukubali na mimi nimekataa? Na wiki iliyofuata ningewezaje mimi kukubali na yeye ananisikiliza? Tukawa tunazuiana kwa heshima zetu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wali unapita mbele yetu.

Maziwa yakapungua. Mtoto alivuta, akaachia, akalia kwa sauti ya kuchoka. Jumatatu mzani ulisema pale pale. Jumatatu nyingine ukasema chini ya pale.

"Mama, unakula lakini?" muuguzi aliniuliza.

"Ninakula, dada."

"Kula vizuri basi. Mtoto anarudi nyuma."

Nikasema ndiyo, nikamfunga mwanangu mgongoni. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa ikakauka.

Mtoto wa jirani yangu alifariki asubuhi moja, mama yake akiwa bado anamtikisa ili anyonye. Siwezi kuwaambia kwamba ni njaa iliyomuua. Alikuwa mgonjwa, na huenda hata angeshiba angekufa. Lakini hilo hatutalijua kamwe, na kutolijua ni mzigo ambao mama yule ameubeba kwenda nao kwao.

Alipokuwa anakunja mkeka nilimsaidia kufunga kamba. Akaniambia bila kunitazama, "Mwenzangu, mimi nilikuwa na njaa."

Nikasema, "Hata mimi."

"Najua. Nilikuwa nalisikia tumbo lako, najifanya nimelala."

Akacheka kidogo. Ndugu zangu, sitaki kukisikia tena kicheko kama kile. Gari lilikuwa linamsubiri, akaondoka.

Mngedhani Jumamosi iliyofuata nilinyoosha mikono miwili. Wala. Kijana mrefu alikuja, shikamoo mama, karibu msosi, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, asante, nimekula. Akapita. Nilitaka kumwita, nikaishia kujifunga khanga upya. Mtoto alikuwa kifuani, hata kulia hakulia.

Nyuma ya kijana alikuwepo msichana aliyekuwa anakusanya sahani. Akasimama.

"Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "wewe ni wa Kilombero? Umeongea kama majirani zetu."

Nikasema natoka Ifakara. Akasema wazazi wake ni wafugaji, wamehamia huku bondeni na ng'ombe wao. Ninyi mnayajua maneno yaliyopo kati ya sisi wenye mpunga na wao wenye ng'ombe, leo siyaongezi. Nawaambia tu kwamba nilijikunja kidogo.

"Karibu ule, mayu."

"Nimekula, mwanangu."

"Hata kidogo."

"Nimeshiba kabisa."

Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Umekula nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Si muuguzi, si mwanafunzi, si mimi mwenyewe. Nilifungua mdomo nitaje chakula, chochote, hata cha uongo. Sikupata cha kutaja. Nikawa nimeachama mbele ya mtoto wa watu kama mjinga.

"Sijala," nikasema. Kisha nikalisema lile neno la jirani yangu. "Nina njaa."

Kijana mrefu akaita kutoka mbele, "Sista, tunachelewa bwana, foleni bado!"

"Tangulia," akamjibu. Akaleta maji, akaninawisha, akaketi mkekani, akachota tonge la kwanza yeye ili nisile peke yangu. Nililia na wali mdomoni. Hakuniambia nyamaza. Alisema tu, "Kula taratibu, tumbo limesahau."

Tangu siku hiyo wanafunzi wale hawakumuuliza mtu kama amekula. Waliuliza amekula nini, na walisikiliza jibu. Mngeona watu wazima walivyokosa majibu katika banda lile! Yule binti akawa ananiletea uji wa karanga hata siku za masomo, anafika anahema, anarudi mbio darasani. Maziwa yalichelewa kurudi, yakarudi. Uzito ulipanda polepole, ukashuka kwa homa, ukapanda tena. Ulipofika pale walipotaka, wakampasua, wakaliziba tundu. Mtoto wangu yupo. Anachoka haraka kuliko wenzake, kukimbia hawezi sana, lakini yupo, na mwaka huu anasoma.

Basi, wapendwa, tusipunguze mchele. Kule shuleni kuna kina mama wenye watoto kifuani, waliokuwa na maghala hadi mwezi uliopita. Hawajawahi kupanga foleni ya chakula maishani mwao. Tusiwaamini haraka. Tukae nao chini, tule nao, tuwape muda wa kukataa na muda wa kukubali. Na kama yupo miongoni mwetu hapa ambaye maji yamemwachia nyumba lakini yakamchukulia akiba, asione haya kuniambia tukiwa njiani. Sitamtangaza.

Nawashukuru madaktari na wauguzi wale. Nawashukuru wale wanafunzi, hata kijana mrefu, ambaye mwishowe alikuwa akinitania, "Mama, leo umeshiba tena?" Namshukuru yule binti wa wafugaji, na wazazi waliomlea.

Na namshukuru jirani yangu wa mkeka. Nilimtafuta, namba yake haikupatikana tena. Hajui kwamba wangu alipona. Neno alilonipa siku ile akiwa amefunga mizigo ndilo nililolitumia kumwokoa mwanangu. Wa kwake alikuwa ameshazikwa.