Mume Wangu Hakuwa Mlevi

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniacha hai mpaka nikaliona kosa langu! Nasimama mbele yenu kwa sababu mbele yenu ndipo nilipomvunjia mume wangu heshima.

Athmani alikuwa fundi wa mashua kule Chovai, kisiwa chetu karibu na Kismayu. Vita vilipofika Kismayu tulikimbia na binti yetu Amina, tukaishia hapa kambini Mombasa. Hapa akabadilika. Kila alfajiri aliamka jasho likimtiririka, akipepesuka, maneno yakimlegea mdomoni. Akishakula, huwa mzima. Majirani wakanong'ona kuwa anakunywa. Nami, ndugu zangu, nikaamini!

"Mama Amina, mimi si mchu wa ulevi," aliniambia kwa Kibajuni chetu.

"Basi ni nini?"

Alijifuta jasho, akavuta sahani ya chakula.

Ikaja Ramadhani. Adhuhuri moja nikamkuta nyuma ya hema anakula tende. Nilipiga kelele mpaka wazee mkakusanyika. Akasema, "Nikila kitu kitamu, akili hunirudia." Watu wakacheka. Mimi niliwashinda kwa kucheka. Nikamchukua mtoto, nikahamia kwa dada yangu.

Siku ya nne nikaitwa: Athmani ameanguka, hatambui mtu. Hospitalini daktari, mama mmoja wa makamo, alimtia maji ya sukari mshipani. Athmani akafumbua macho palepale! Akaeleza habari ya zile tende. Daktari hakucheka. Alivuta kiti.

"Hebu rudia hayo, baba."

Wakamlaza bila chakula, wakimpima damu kila baada ya muda. Sukari ikashuka vibaya, na insulini, ambayo kazi yake ni kuishusha, bado ikawa juu. Picha ikaonyesha uvimbe kama ncha ya kidole kwenye kongosho, nao ndio uliokuwa ukiimwaga insulini hiyo ovyo. Wakampasua, wakautoa. Allahu akbar!

Tangu hapo haamki akipepesuka. Lakini uso wangu nauficha wapi? Ugonjwa wake aliutaja mwenyewe, nami nikauita dhambi.

Nilipomwomba radhi alisema, "Nimekusamehe. Ila watu bado wananijua mlevi."

Ndiyo maana nimekuja. Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, na mgonjwa wenu akisema, msikilizeni. Athmani amekaa nje hapo, hajui kama mtampokea. Nani atatangulia kumpa mkono?