Kamba Kwenye Kidole Changu cha Mguu

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nanyi mliobaki pale mlangoni kwa sababu watoto wenu wanalia, ingieni. Waacheni walie. Habari yangu ya leo ni ya mtoto anayelia, hawataniharibia kitu.

Mmeniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitaeleza polepole, na asiyeelewa aniulize. Majina sitayataja, na msidhani ni kwa heshima. Wapo katika habari hii ambao sina heshima ya kuwapa. Wao wamekwishasahau walichofanya, na mimi sitaki kuwapa hata raha ya kusikia wametajwa.

Mimi ni mtu wa Chula, kisiwa kidogo kusini ya Kismayo. Tangu usichana wangu nilipenda kudarizi kofia, zile nyeupe za viua, ambazo unatoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi kwa mkono. Kwa wasiojua, kofia moja hula miezi. Mimi sikuwa nikiuza, na hili liliwashinda watu kulielewa. "Unauza?" "Siuzi." "Sasa unashona nini?" Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha mwezi atakuuliza kilo yake ngapi.

Mdogo wangu naye alishona, lakini kwa uvivu. Kwetu mke humshonea mumewe kofia, na yeye alianza ya mumewe walipooana tu. Mpaka anajifungua alikuwa hajatoka upande mmoja. Tulikuwa tukimcheka: "Huyo bwana atakuwa na kipara kofia haijaisha!"

Vita vilipofika Kismayo, shemeji yangu alikuwa huko kikazi. Hatukumwona tena. Kisha wakatufikia visiwani vijana wenye bunduki. Siwaiti askari, askari ni jina kubwa kwao. Walibeba mashine za mashua, nyavu, masufuria, na kwa jirani yangu waling'oa mlango. Mmoja akaokota furushi langu la kofia, akalikung'uta, akaona vitambaa na sindano. Akacheka, akatupa chini, akaondoka na sufuria yangu yenye tundu. Hata wizi hawakuujua, masikini. Kazi ya macho yangu ya miaka ilikuwa mkononi mwake, naye akachagua sufuria mbovu.

Ndivyo nilivyokimbia na furushi lile. Tulipanda mashua mimi, mume wangu, watoto wetu wanne, na mdogo wangu na kitoto chake cha kike kisichojua bado kukaza shingo. Tukafika Kenya, tukapelekwa kambini nje ya Mombasa. Huko homa ikamshika mdogo wangu, haikumwacha. Siku ya mwisho alinipa mtoto, akanipa na ile kofia. Akasema, "Dada, vyote viwili nimevianza tu. Nimalizie."

Basi nikawa na hema moja, mume, watoto wanne, na mtoto mchanga asiyelala. Kukicha maji, kuni, foleni, uji, nepi. Mume wangu, mvuvi aliyenyang'anywa bahari, alikuwa akikaa mlangoni kuziba matundu ya wavu usiokwenda popote.

Sasa nawaambieni habari ya shangazi. Mtoto alikuwa na shangazi, dada wa baba yake, naye alikuwa kambi hiyo hiyo. Siku ya mgao mtoto akiandikwa kwa mtu, mtu huyo hupata chakula cha ziada. Siku hiyo shangazi alikuja ametia manukato, akambeba mtoto mbele za watu: "Damu yetu hii! Damu ya kaka yangu!" Mgao ukipita, humwoni. Mtoto alipoharisha nikaenda kumwita. Alinijibu akiwa amelala, hakuinua hata kichwa: "Mtoto wako huyo, mpe maji ya chumvi na sukari." Mnaona? Siku ya unga ni damu yao, siku ya nepi ni mtoto wangu.

Alikuwa na neno moja analopenda. Akinikuta na sindano wakati mtoto amelala husimama, mikono kiunoni, aseme kwa sauti ya kusikika hema la tatu: "Watu wamefiwa, wewe washona maua? Huyu si mchu wa kulea." Mchu ni mtu, kwa lugha yetu ya visiwani. Majirani wakaupokea wimbo huo. Waliokuwa hawajanishikia mtoto hata nikaenda msalani, wote wakawa mabingwa wa malezi.

Nami, ndugu zangu, nikawasikiliza. Nikaifunga sindano katika furushi, nikalisukuma chini ya magunia. Hapo ndipo nilipoanguka.

Mama kijana pale katikati, wewe unayetikisa kichwa, nisikilize vizuri. Walisema nikiiacha sindano nitawapata watoto wangu. Sikuwapata. Niliunguza uji. Niliwafokea wanangu kwa kosa la kucheka. Kile kitoto kikilia nilikuwa nakaa nakitazama, na mikono yangu haikunyanyuka. Mchana mzima natazama mti wa hema. Tena watu walionishauri, walipita pale nje wakaniona hivyo, wakaridhika. Sasa nilikuwa nimekaa kama mkimbizi wanavyotaka akae.

Mume wangu ndiye aliyeuliza. Si mtu wa maneno.

"Iko wapi sindano yako?"

"Nimeiacha."

"Kakwambia nani?"

"Watu."

"Watu hao ndio wanaokula uji wako ukiungua?"

Akainuka. Akakata kipande cha wavu wake, jarife zuri lililobaki, akafunga susu baina ya miti miwili ya hema, kama zile susu za kwetu za kubembezea watoto. Akamlaza mtoto ndani juu ya kanga. Kisha akafunga kamba kwenye susu, akaipitisha chini ya mkeka, akafanya kitanzi, akanivisha kidole gumba cha mguu. "Mikono ya kofia," akasema, "mguu wa mtoto. Hawa wanne niachie mimi." Akawachukua kwenda kuteka maji. Wanaume wa kambi walimcheka kwa kubeba ndoo, wao waliokuwa wakishinda wakibishana chini ya turubai nani angekuwa waziri nchi ikitulia.

Mnaotaka kujaribu, sikilizeni. Kitanzi kisibane, ukiinuka kitoke chenyewe. Susu iwe chini, mtoto akianguka aangukie mkeka. Unavuta uzi, unavuta mguu. Uzi, mguu. Mtoto alizoea mwendo ule akalala, nami nilipoona tundu la kwanza limezungushwa likatimia, nikasikia njaa. Sikuwa nimesikia njaa tangu kumzika mdogo wangu.

Shangazi hakupenda. Alichungulia hemani akaona kamba, na kabla ya adhuhuri kambi nzima ilikuwa ikisema namfunga mtoto kamba kama mbuzi ili nishone. Akaenda kwa wazee: mtoto ni wa upande wa baba, anateswa, afunguliwe, apewe yeye. Nilijua wakisema apewe, atapewa. Nilijua pia atakaa naye mpaka lini: mpaka aandikwe kwenye kadi yake ya mgao.

Wakaja baada ya alasiri, wazee wawili na bibi mkunga, mwanamke mkubwa anayeogopwa na wazee wenyewe. Shangazi mbele yao. Walinikuta uzi uko menoni, na niliogopa hata kuinuka, mtoto asije akaamka.

"Tazameni wenyewe! Kamba ile pale!"

Bibi mkunga akapiga magoti kwenye susu. Akafunua kanga. Mtoto kanyoosha miguu huku na huku, ngumi mdomoni, usingizi mzito. Bibi akaishika kamba, akaifuata kwa vidole, akainua mkeka, akaenda nayo pole pole mpaka akafika kwenye mguu wangu. Akakitazama kitanzi. Akamtazama shangazi.

"Mtoto hana kamba. Aliyefungwa ni huyu. Wewe umekuja kumfungua nani?"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Shangazi akaanza tena habari ya damu. Bibi akamkatiza: "Damu tumeisikia, hakuna anayeikataa. Haya kaa hapa, vaa kitanzi hiki, umtikise mpaka aamke, umsafishe, umnyweshe. Ukimaliza tutakupa, mbele ya wazee hawa."

Akakaa. Nilimvisha kamba mwenyewe, nikijua kuwa alikuwa na haki, na huenda angeweza. Alitikisa kidogo. Akahamisha mguu. Akasema umekufa ganzi. Mtoto akajinyonganyonga, na harufu ikaenea, mnaijua. Shangazi akavua kitanzi.

"Nimekumbuka, nimeacha chungu motoni."

Chungu hicho hakijaiva mpaka leo. Hakurudi tena kutaja damu, hata siku ya mgao.

Ndugu zangu, nawashukuru watatu. Mume wangu aliyekata wavu wake. Bibi mkunga, Mungu amrehemu, aliyepiga magoti kutazama kabla ya kusema. Na mdogo wangu aliyeniachia kazi mbili badala ya moja, kwani moja peke yake ingenimaliza.

Na ninyi wenye watoto wachanga mapajani: kile kidogo unachokipenda, kiwe sindano, kiwe kusuka ukili, usikiweke chini kwa neno la mtu ambaye hajawahi kukuoshea nepi. Mwambie avae kamba kwanza. Akiivaa akadumu nayo, huyo msikilize.

Kofia niliimaliza. Baba yake mtoto hatukumpata, basi nikaitunza, na siku ya nikahi ya binti huyo akaivaa bwana arusi wake.

Binti mwenyewe yuko pale mlangoni, amekataa kuingia tangu nilipoanza, ati mwanawe ana kelele. Ingia, mama. Mlete huyo. Kidole bado kipo.