Boneti ya Devota na Aibu ya Fundi Kasian

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kunyoosha bodi za magari, Fundi Kasian Senyagwa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari.

Alianzia Kilosa mjini kwenye malori ya mkonge, akahamia Mikumi gereji yetu ilipofunguliwa kando ya barabara kuu. Magari yaliyogonga nyati na kutoka mikononi mwake kama mapya hayahesabiki. Kasoro yake ni moja: hapendi kuonekana amepigwa bao. Wasifu huu ungeishia kwenye sifa, lakini ametuambia bila habari ya boneti hasimami kupigiwa makofi.

Miaka mitatu iliyopita Devota, anayepeleka watalii mbugani, alitaka boneti ya kaboni halisi, nyepesi na ngumu. Bei yake ilitosha pikipiki mpya na chenji kubaki. Ya faiba, yaani nyuzi za kioo, iliyobandikwa stika ya kaboni, bei yake ni kama ya tairi mbili. Devota alilipia halisi. Muuzaji mmoja akamuuzia Kasian ya faiba kwa bei ya halisi. Kasian aliigundua alipoipiga msasa pembeni ili ikae sawa: vumbi lilitoka jeupe, la kuwasha. Naye alishatamba gereji nzima kwamba yeye hauziwi mbuzi kwenye gunia. Akaona haya kusema. Akaifunga, akanyamaza.

Aliyemuumbua ni nyani. Devota alisimama wageni watazame twiga, nyani akapanda kwenye boneti, akaona kona ya stika imeinuka kwa jua, akaibandua yote. Wageni walicheka na kupiga picha. Devota, aliyelisifia gari njia nzima, hakujua aangalie wapi.

Kasian alirudisha tofauti yote ya bei. Tangu hapo kila mteja huonyeshwa vumbi la msasa kabla ya kulipa: jeupe faiba, jeusi kaboni. Lakini aibu haikumtoka. Devota, mdogo kwake kwa umri, bado humwamkia shikamoo kwa heshima ile ile, na Kasian hajaweza kuitikia hata mara moja. Huinama akijifanya anatafuta spana. Anasema afadhali angetukanwa.

Asante, Fundi, kwa kazi yako, na kwa kutulazimisha kuandika haya. Tunakutakia mapumziko mema na mpunga mzuri shambani kwako Zombo. Zawadi yako Ijumaa itakabidhiwa na Devota, ameomba mwenyewe. Atakuamkia mbele ya watu wote. Tafadhali, Mzee wetu, mwitikie marahaba.